Skripti inayokwama kwenye nywila

SWALI: Shikamoo fundi. Natunza kompyuta za chama cha kuweka na kukopa hapa Morogoro. Kila saa sita usiku skripti yangu huvuta nakala ya hesabu kwa rsync kutoka seva iliyoko Dar, ila ikidaiwa nywila inaganda mpaka asubuhi. Nimeipenyezea nywila kwa echo, amri ya kutoa maandishi, wapi! Kijana wa ofisini anasema nitumie sshpass, programu ya kuichapa nywila badala yangu. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba. Echo haikufua dafu kwa sababu ssh, programu ambayo rsync huitumia kuingia kwenye seva, haipokei nywila kutoka kwa amri iliyotangulia; huiulizia kwenye terminali yenyewe, pale pa kuchapia amri, ikitaka mtu aichape. Imeundwa hivyo makusudi. Mtafiti Mfini, Tatu Ylönen, aliiandika mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake.

Sshpass huihadaa ssh kwa kujifanya terminali, na kweli inafanya kazi. Lakini nywila ya fedha za wanachama itakaa wazi ndani ya skripti, asome kila atakayeifungua. Mimi nisingekubali. Tengeneza ufunguo:

ssh-keygen -t ed25519 -f ~/.ssh/nakala
ssh-copy-id -i ~/.ssh/nakala.pub jina@seva

Ukiulizwa nenosiri la ufunguo, bonyeza Enter tu, maana usiku hakuna wa kulichapa. Nywila ya seva utaiandika mara hiyo moja. Kinachokwenda Dar ni ufunguo wa wazi. Ule wa siri haubanduki Morogoro.

Seva ikiendelea kudai nywila, usianze upya. Kagua ruhusa huko Dar: folda ya .ssh iwe 700, na authorized_keys, faili la funguo zinazokubaliwa, iwe 600, yaani mwenyewe tu ndiye azifungue. Hapo ndipo wengi hukesha bure.

Sasa, ufunguo usio na nenosiri ukiibiwa unafungua kila kitu, kwa hiyo ubane. Kwenye authorized_keys ya Dar, mwanzo wa mstari wa ufunguo huo, andika haya, yanayoifungia rsync kwenye folda moja kwa kusoma tu:

restrict,command="rrsync -ro /data/hesabu"

Weka njia ya folda yako halisi. Mwizi ataweza kusoma folda hiyo basi, hafuti wala hazuruli kwingine. Ndani ya skripti nawe utaanzia hapo hapo, jina@seva:/ badala ya njia nzima.

Cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, iendeshe skripti kwa jina la mtumiaji mwenye ufunguo, si root, yule msimamizi mkuu wa kompyuta. Na rsync uipe -e "ssh -i ~/.ssh/nakala -o BatchMode=yes": siku ufunguo ukikataliwa, itatoka na kosa papo hapo badala ya kukusubiri hadi asubuhi.