Pilipili hazioti ndani? Pima joto la udongo kabla hujatupa trei

Mkuu, hiyo trei usiitupe kwanza. Umesema umesia pilipili wiki 3 zilizopita ukaweka dirishani, unamwagia kila siku, zimeota 4 tu na hizo 4 zenyewe zimerefuka zikaanza kulala, sasa unauliza kama mbegu ni feki ununue nyingine, na kama kweli miche ya pilipili inatakiwa kukatwa kichwa ili itanue. Ya kichwa nitakujibu mwishoni. Kwenye hilo la kwanza, kwa maelezo yako mi sioni kesi ya mbegu hapo, naona kesi ya joto, afu kwa hizo zilizoota naona kesi ya mwanga, na watu wengi wanazichanganya hizi mbili kwa sababu trei ni ileile na inakaa palepale dirishani tangu mwanzo mpaka mwisho.

Mbegu ya pilipili ikiwa ardhini haidai mwanga. Inadai joto, na ninaposema joto simaanishi joto la chumba, namaanisha joto la udongo, hapa ndo wengi wanapopigwa. Chukua kipimajoto, hata kile cha jikoni cha kuchoma kwenye nyama kinafaa, kichomeke kwenye udongo wa trei asubuhi mapema kabla jua halijafika dirishani. Chumba unakisikia kiko poa tu, umekaa na fulana yako, labda kina nyuzi 21 au 22, lakini udongo uliolowa utakuta uko chini ya hapo, kwa sababu maji yakiwa yanakauka juu ya udongo yanaondoka na joto, kioo cha dirisha usiku kinakuwa cha baridi, na juu ya yote hayo wewe kila siku unaongezea maji ya bomba.

Sasa angalia tofauti inayoleta. Pilipili za kawaida zikipata udongo wa nyuzi 25 mpaka 30 zinachomoza kwa siku kama 8 hivi. Ukishuka mpaka 20 zinasogea siku 12 au 13, ukishuka mpaka 15 zinaenda siku 25 na hapo baadhi zinakuwa zimeshakata tamaa, kwenye 10 usitegemee kitu. Juu nako kuna mwisho, udongo ukifika 40 hazioti vilevile. Yaani kati ya anayesema pilipili ni rahisi na anayesema pilipili ni kisirani mara nyingi tofauti ni nyuzi 8 au 10 tu za udongo, mbegu wamenunua sehemu moja.

Kabla hujaamua chochote fukua mbegu mbili tatu kwa kijiti cha meno. Kama mbegu bado ni ngumu, ukiibana kwa kucha haibonyei, rangi yake ya maziwa iko vilevile, hiyo ipo hai inasubiri, irudishe. Kama imevimba na upande ule uliochongoka kuna kancha keupe kametokeza, funika haraka sana na usiiguse tena. Ila ukiibonyeza ikatoa majimaji ya kahawia au ikabaki ganda tu, hiyo imeoza, na kinachoozesha ni baridi pamoja na maji mengi, kimoja peke yake mara nyingi inavumilia.

Namna ya kupata joto, bora kuliko zote ni mkeka wa joto wa umeme wenye kidhibiti chake, unauseti 27 au 28 unalala. Kama huna, tafuta sehemu yenye joto la kudumu ndani ya nyumba. Wengi watakwambia juu ya friji, mi nasema pima kwanza, mafriji mengi ya siku hizi hayatoi joto juu. Karibu na tangi la maji ya moto panafaa sana, kabati lenye mabomba ya moto pia, na giza lisikutishe maana nimeshasema mbegu haitaki taa. Funika trei na nailoni au mfuniko wa plastiki ili unyevu usitoke, hapo hutakuwa na haja ya kumwagia kila siku, utakuta siku kadhaa zinapita hujagusa maji. Kina cha kusia ni nusu sentimita mpaka sentimita 1, usizame zaidi. Kuloweka mbegu usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu kunasaidia kidogo, hizo nyingine za chai ya sijui majani gani na maji ya sijui nini, fanya ukipenda, mi sijaona zikifanya kitu ambacho joto halifanyi.

Hujataja aina na hiyo ni muhimu. Kama ni habanero au jamaa zake, zile zinazoitwa kwa kisayansi Capsicum chinense, hata kwenye joto zuri zinachukua wiki 2 mpaka 4 na nyingine zinapitiliza, kwa hiyo wiki zako 3 kwenye baridi ni kama hujaanza. Kama ni kayena au halapenyo hizo ni Capsicum annuum, ni za haraka. Na kama ni rokoto, mbegu zake ni nyeusi kiasili, watu huzitupa wakidhani zimeoza.

Kuhusu umri wa mbegu, zikitunzwa pakavu na penye ubaridi zinakaa miaka 2 mpaka 4 vizuri, baada ya hapo zinapungua. Ukiwa na wasiwasi weka 10 kwenye tishu iliyolowa kidogo ndani ya mfuko wa plastiki mahali pa joto uone zinatoka ngapi, ndo utajua usie ngapi. Za kutoa kwenye pilipili ya jikoni zinaota, mradi tunda liwe limeiva kabisa mpaka limebadilika rangi, la kijani mbegu zake hazijakomaa. Pilipili kavu ni bahati nasibu, kama imekaushwa kwenye moto mkali mbegu zimeshakufa. Na ukumbuke mbegu ya tunda la chotara haizai kilekile ulichokula, unaweza kupata pilipili nzuri tu ila sio ile. Wakati wa kuzitoa vaa glavu, ukali wenyewe upo kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, mbegu zinapakwa tu, na ukishika kwa mkono mtupu maji peke yake hayatoi, paka mafuta ya kula kwanza afu ndo uoshe na sabuni, na kabla ya hapo usiguse jicho wala kwingineko.

Haya, sasa zimeota, na hapa ndo kila kitu kinageuka. Mche wa pilipili unatoka umejikunja, unaona kishingo cheupe kimepinda kimetoka kwenye udongo lakini kichwa bado kiko chini, afu ndani ya siku moja hivi unajinyoosha na kuvuta majani yake mawili ya mwanzo. Ukiona tu hicho kishingo, hata kama ni mche mmoja kwenye trei nzima, toa mfuniko, toa kwenye joto, peleka kwenye mwanga siku hiyohiyo. Usisubiri na wenzake. Mche ulioota gizani kwenye nyuzi 28 unarefuka kwa kasi ya ajabu kwa sababu unatafuta jua, na ukishakuwa mrefu mwembamba hivyo haurudi kuwa mfupi. Ndo maana ukiweza sia kila mbegu kwenye kikopo chake, unahamisha kilichoota na kuacha kisichoota kwenye joto. Mara nyingine mche unatoka na ganda la mbegu limeng'ang'ania kichwani, majani yanashindwa kufunguka. Usilivute likiwa kavu, utang'oa kichwa chote. Weka tone la maji juu ya ganda, subiri lilainike, afu lisukume taratibu kwa kijiti, likigoma rudia tena baadaye.

Dirisha peke yake kwa kweli mara nyingi halitoshi, labda liwe kubwa na linapigwa jua sehemu kubwa ya siku. Jicho letu linadanganya, chumba unakiona kimejaa mwanga kumbe kwa mmea hicho ni kivuli. Taa ya kawaida ya LED nyeupe inatosha kabisa kwa miche, hizo za rangi ya zambarau za bei mbaya sio lazima, ila iwe karibu, sentimita 10 mpaka 15 juu ya majani kwa taa za nguvu ndogo, na unaipandisha kadiri miche inavyopanda. Taa ikining'inia darini haisaidii kitu. Weka mgongo wa mkono pale majani yalipo, ukisikia joto linakukera ipandishe. Masaa 14 mpaka 16 kwa siku, afu zima, usiku wapumzike, ukiwa na taima inakusaidia maana utasahau. Joto la chumba sasa lishuke, mchana 20 mpaka 24, usiku hata 17 au 18 sawa. Miche inayokua kwenye ubaridi kidogo na mwanga mwingi inakuwa mifupi minene, ndo unayoitaka.

Hao wako 4 waliolala, angalia shingo pale inapogusana na udongo. Kama shina ni zima ila jembamba tu, wanaokoleka: wahamishie kwenye vikopo, zika shina mpaka karibu na yale majani mawili ya mwanzo, weka taa karibu. Pilipili haitoi mizizi kwenye shina kirahisi kama nyanya lakini kuzikwa kidogo hivyo inavumilia. Kama pale chini pamebanika, pamekuwa pa kahawia na majimaji, hicho ni kinyausi, ni ukungu wa kwenye udongo, asubuhi mche umesimama mchana umeanguka. Huo hautibiki, mtoe na udongo wake utupe mbali. Kinachozuia ni hewa na kupunguza maji, weka feni ndogo ipulize kwa mbali majani yatikisike kidogo tu, na huo upepo unaimarisha shina pia. Mdalasini wa kunyunyiza juu wengine wanausifia, sikatai, ila usiutumie kama mbadala wa feni. Trei za zamani zioshe na dawa ya madoa yenye klorini, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, suuza vizuri.

Na maji, acha kumwagia kwa ratiba. Nyanyua kikopo, kikiwa chepesi ndo kina kiu. Kiweke kwenye beseni lenye maji kidogo, kinyonye kwa chini nusu saa, kitoe, mwaga yaliyobaki. Juu pakikauka hata vile vijinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa kikopo vinapungua, maana vinataga kwenye udongo wa juu uliolowa. Udongo wa bustanini usiulete ndani, unashikana na unakuja na wageni. Tumia kokopiti, yaani nyuzinyuzi za makumbi ya nazi zilizosagwa, au mchanganyiko mwepesi wa kuoteshea, mbolea usiweke mpaka yatoke majani halisi, yaani yale yanayofuata baada ya mawili ya mwanzo, hapo anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au hata robo.

Ukiona jozi 2 za majani halisi hamishia kwenye chungu kikubwa kidogo, ukamate jani usikamate shina, jani likichanika litaota lingine. Kama unavuta sigara osha mikono kwanza, virusi vya tumbaku vinaingia na kwenye pilipili. Kutoka kusia mpaka kutoka nje hesabu wiki 8 mpaka 10, habanero 10 mpaka 12, na usitoe nje kama usiku bado unashuka chini ya nyuzi 12 au 13. Siku ya kwanza nje iwe kwa muda wa saa moja au mbili tu kivulini, unaongeza kidogokidogo kwa siku 7 mpaka 10, maana majani ya ndani hayajui jua kali, yanaungua yanakuwa na mabaka meupe kama karatasi. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu miche inaonekana mizuri, afu jioni wanakuja kulalamika.

Sasa kukata kichwa. Sio lazima. Ukikata ncha mche ukiwa na majani halisi 6 mpaka 8 unatoa matawi mengi chini na kichaka kinakuwa kifupi imara, ila unachelewesha maua. Aina nyingi zinajigawa zenyewe zikifika kwenye ua la kwanza. Kwa hiyo kama kwenu kipindi cha joto ni kirefu jaribu kwa mche mmoja au miwili ulinganishe, kama ni kifupi na ndo kwanza unaanza upya na hiyo trei, achana nayo mwaka huu. Ila ua likitokea mche bado uko kwenye kikopo kidogo, hilo litoe, usilihurumie.