Barua kwa mwanangu: ng'ombe wa nani, shamba la nani

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na hela ya dawa ya kuogeshea mifugo nayo imefika. Baba yako anashukuru. Mvua imekuja kwa kuchelewa lakini uwele umeshika, na karanga za upande wa mto zimeota vizuri.

Sasa swali lako. Unasema huko Singida unakozunguka na kishikwambi ukikusanya takwimu za kaya, ukifika kwenye kipengele cha nani anamiliki shamba na kaya ina mifugo mingapi, watu wanakuwa wazito. Mzee mwenye zizi limejaa anakuambia ana ng'ombe watano. Mama anayelima tangu alfajiri anasema shamba si lake. Umeniuliza kama watu wanawadanganya wadadisi, na kama ungekuja hapa kwetu Chamwino, Dodoma, ukatuuliza sisi, ningekujibu nini.

Wachache wanadanganya, mwanangu. Wengi wanashindwa kujibu kwa sababu dodoso lako linataka jina moja mahali penye majina mengi. Anza na zizi la baba yako unalolijua tangu utoto. Wamo ng'ombe aliowarithi kwa babu yako. Wamo wa mjomba wako wa Mpwapwa, aliowaleta mwaka ambao malisho yalikauka kwao, na wamezaa hapahapa. Yumo mtamba aliyetokana na mahari ya shangazi yako, na huyo ana watu wake wanaomdai, upande wa kuumeni na upande wa kikeni, maana mahari kwetu Wagogo haiishii mkononi mwa baba wa binti. Na baadhi ya ng'ombe wetu wenyewe hawalali hapa kabisa, wako kwa jamaa huko Bahi ambako majani ya bondeni hubaki mabichi wakati huku ni vumbi tupu.

Huo si ujanja wa kuficha mali. Nchi yetu ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na hata huo hukatika katikati. Ukiwaweka wote zizi moja, ugonjwa mmoja unakumaliza. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipoingia mkoani Dodoma, watu walikufa, mifugo ilitupa mimba, nyama ikaogopwa na aliyetegemea kuuza ng'ombe akabaki naye. Kwa hiyo watu hutawanya. Anayelelea ng'ombe wa mwenzake anakunywa maziwa, anapata samadi, na maksai wakiwamo analimia. Ndama ni wa mwenyewe. Nimeona kaya zisizo na ng'ombe hata mmoja zikilea watoto wao kwa maziwa ya namna hiyo, na sijui kwenye dodoso lako zinaandikwa wapi.

Basi yule mzee anayekuambia watano nawe unaona thelathini, huenda anakutajia wale anaoweza kuwauza bila kumwuliza mtu. Ukilitazama hivyo, jibu lake ni la kweli kuliko hesabu ya macho yako.

Hofu nayo ipo, nisikufiche. Wazee wanakumbuka kodi. Na kule Kondoa, mwaka 1979, mifugo iliondolewa yote katika eneo lililomomonyoka udongo, chini ya mradi wa hifadhi ya ardhi ulioitwa HADO, na watu wakalazimika kuipeleka kwingine. Ardhi ile ilipona kwa kiasi kikubwa, hilo ni kweli. Lakini mtu aliyeshuhudia ng'ombe wa baba yake wakiswagwa kuondoka hawezi kufurahia mgeni anayehesabu.

Ardhi ndiyo ngumu zaidi, na hapa nataka unisikilize vizuri.

Zamani kwetu aliyefyeka pori ndiye mwenye shamba, na lilibaki lake alipokuwa akililima. Akihama, mwingine alikuja. Mavuno yakishatoka, mabua yalikuwa ya ng'ombe wa kila mtu. Hakuna aliyeuza. Kisha ikaja Operesheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mtoto mdogo. Watu walitolewa kwenye kaya zao zilizotawanyika, wakawekwa kwenye vijiji kwa mistari, wakagawiwa mashamba mapya. Ndiyo maana hadi leo ukimwuliza mtu wa rika la baba yako shamba lake liko wapi, anaweza kukuonyesha mawili, lile alilopewa na serikali ya kijiji, na lile la mahame ya babu zake ambako mibuyu iliachwa. Yote mawili anayaita yake. Wewe uandike ekari ngapi?

Na ekari yenyewe, mwanangu! Huku tunapima hatua sabini kwa sabini. Mwenye miguu mirefu ana ekari kubwa kuliko jirani yake. Usiwasahihishe watu mbele ya majirani, wewe pima kwa chombo chako kimyakimya.

Tena ukubwa wa shamba peke yake haukuambii hali ya kaya. Mwenye ekari kumi huko mbugani asiye na maksai anangoja wenye maksai wamalize kwao ndipo waje kumlimia kwa malipo, na msimu wetu haumngoji mtu. Akipanda mtama wakati wenzake wanapalilia, amekwisha poteza. Mwenye ekari tatu karibu na zizi, zinazopata samadi kila mwaka, anakula hadi msimu mwingine. Mifugo ndiyo inayoipa ardhi yetu nguvu, na ukiandika safu ya mashamba huku na safu ya ng'ombe kule kama vitu visivyojuana, utawaita maskini watu wasio maskini, na utawapita wenye njaa. Mwaka wa ukame ndipo utaona. Kila mtu anapeleka mnyama mnadani siku hiyohiyo, bei ya ng'ombe inaanguka, na debe la mahindi linapanda. Mwenye mbuzi wengi anauza mmoja mmoja na kuvuka. Mwenye ng'ombe wawili tu, akimwuza maksai, mwaka unaofuata analima kwa jembe la mkono.

Umetaka kujua ningejibu nini mimi. Mbuzi ni wangu. Niliwanunua kwa hela ya karanga na kila mtu hapa anajua. Kuku ni wangu. Maziwa ninayakamua na kuyagawa mimi. Shamba la ufuta ninalima mimi tangu nilipoolewa, lakini nikiulizwa mbele ya watu nitasema ni la baba yako, kwa kuwa alilipewa na baba yake. Nikitaka kuuza mbuzi namwambia baba yako kwanza. Naye akitaka kuuza ng'ombe huniambia, maana ni mtu mwenye staha. Ila tofauti ipo, na sipendi kuifunika. Mimi nikiuza bila kumwambia, ni kesi ya ukoo. Yeye akiuza bila kuniambia, watu watasema ni mali yake.

Zamani jambo hilo halikuniuma sana, kwa sababu shamba lilikuwa haliuziki. Sasa linauzika. Uamuzi wa kuleta makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kweli mwaka 2016, watu wa mjini wanafika hadi huku Chamwino wakitafuta mashamba. Mama mmoja jirani aliamka akakuta vigingi kwenye shamba lake la karanga. Mumewe alikuwa ameuza, hela imekwisha, na yeye hakuulizwa. Nimekaa naye, nimemwona anavyozunguka na jembe begani asijue aende wapi. Hilo linanikera kuliko ninavyoweza kuandika.

Na sheria ilikwisha sema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi, na inasema mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja. Tatizo ni kwamba sheria inalinda vizuri zaidi jina lililoandikwa, na majina yetu hayajaandikwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kazi yako ni huu. Dodoso huwezi kulibadilisha, lakini unaweza kuuliza kwa njia inayofungua mdomo. Usianze na «nani mmiliki». Uliza nani analima, nani anaweka hela ya mauzo, na nani lazima aulizwe kabla kitu hakijauzwa. Hilo la mwisho litakuonyesha mwenye mali kuliko maswali yote. Na ukiweza mwulize mama akiwa peke yake, wakati anachambua mboga au anakamua. Akiwa mbele ya mumewe atajibu kwa adabu, na adabu hiyo utaiandika kama ukweli.

Kuhusu sisi, kijiji kinapima mashamba kwa ajili ya hati. Nimeongea na baba yako shamba la karibu na nyumba liandikwe majina yetu wawili, na amekubali. Lile la ufuta nimeomba liandikwe lako na la kaka yako pamoja, na hapo hajajibu. Hakukataa, alinyamaza tu. Kaka yako anasema hana neno. Ukija Pasaka zungumza na baba yako wewe mwenyewe, kwa upole, asubuhi kabla hajatoka na ng'ombe, na wala usitaje sheria mwanzoni. Mwambie unataka kulilima, kama kweli unataka. Uje na nakala ya kitambulisho chako cha Taifa, maana mtendaji anasema wapimaji wataanzia upande wa mto.

Mama yako