Chuo kimenipokea, mchungaji anataka nibaki

SWALI: Shikamoo Mama Mlezi. Mimi ni katibu wa vijana usharikani kwetu, Moshi. Nimepata nafasi ya kusomea uuguzi Mwanza, lakini mchungaji anasema nikiondoka kikundi kitakufa, nimkabidhi Mungu mipango yangu. Je, niache chuo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiache chuo kwa sababu hiyo. Nimelea vijana kanisani miaka mingi, na inaniuma "mkabidhi Mungu" inapogeuzwa kuwa "fanya nitakavyo mimi". Mchungaji wako anakuhitaji kweli, ila hofu yake si lazima iwe sauti ya Mungu.

Soma Matendo 16. Paulo alitaka kwenda Bithinia, Roho akamzuia. Hakurudi nyumbani, aliteremka mpaka Troa, na usiku akaona katika maono mtu wa Makedonia akimwita. Tena hakuamua peke yake: wenzake nao waliona hakika kwamba ni Mungu. Njia ilibadilishwa akiwa safarini.

Na Gethsemane, Yesu alimwambia Baba waziwazi alichotaka kabla ya kuyakubali mapenzi yake. Basi nawe mwambie Mungu kwamba unaupenda uuguzi, kisha mpe nafasi ya kukukatalia. Hapo ndipo pagumu, najua.

Wiki hii kaa na msaidizi wako, mwonyeshe daftari la michango ya kambi ya Pasaka, risiti na namba za wazazi. Halafu nenda kwa mchungaji pamoja na mzee wa kanisa unayemwamini, mtajie tarehe ya kuripoti chuoni, muombe pamoja.