Anti anajibu: Watoto wawili, mtumbwi mmoja na mama mkwe

*Anti sasa. Mimi ni mama wa wawili, mmoja miaka 6 na mwingine miaka 3, tunaishi Kahawa West. Kaka yangu ako Minnesota miaka 11 sasa na yeye na mkewe wanapenda mambo ya msitu vibaya sana. Anataka mwaka ujao mwezi wa nane tumtembelee alafu tuingie mahali panaitwa Boundary Waters siku tano, mchana tunapiga makasia kwa mtumbwi usiku tunalala kwa tenti, hakuna barabara, hakuna duka, hakuna stima. Amenitumia ramani, maziwa saba kwa siku tano! Bwanangu amefurahi kuliko watoto. Mama mkwe naye amesema kama tumechoka na wajukuu wake tumletee tu awalee. Mimi kuogelea najua kidogo tu na huyu mdogo hata beseni ya kuoga anaiogopa. Nianzie wapi, ama nimwambie kaka tuende tu Mall of America tule aisikrimu? — Mama Wawili*

Mama Wawili, hapo kwa beseni nilicheka, alafu nikaacha kucheka kwa sababu swali lako lote liko hapo. Kwa safari kama hii si kaka yako anapanga wala bwanako, anayepanga ni huyo wa miaka mitatu. Yeye akichoka mmefika. Sasa wacha nikuambie vile ningefanya, nimewahi kulala huko mara moja na mpwa wangu akiwa na miaka minne, kwa hivyo mengine nayajua kwa kuumia.

Kwanza utulie, mahali penyewe si pabaya vile mama mkwe anaona kwa macho yake. Ni kaskazini kabisa mwa Minnesota, mpakani na Kanada, msitu wa zaidi ya ekari milioni 1 na maziwa zaidi ya 1,000 yameshikana shikana, na unalindwa kwa sheria tangu 1964. Sehemu kubwa boti za injini haziruhusiwi. Hakuna kiboko, hakuna mamba, malaria hakuna. Dubu weusi wako lakini huyo anatafuta chakula chako, hatafuti mtoto wako. Cha kuogopa huko ni maji baridi, upepo, na watu wazima waliochoka wakianza kufanya vitu haraka haraka.

Sasa hiyo ramani ya maziwa saba mrudishie. Hiyo ni ya vijana wasio na watoto. Shida si maziwa, shida ni katikati ya ziwa na ziwa, kwa sababu hapo unatoka majini, unabeba mtumbwi mabegani na mizigo yote mgongoni mpaka ziwa lingine. Ukiangalia ramani yake utaona njia hizo zimeandikwa namba, hizo ni rodi, rodi moja ni kama mita 5. Ukiona 100 unadhani ni kitu kidogo, kumbe ni nusu kilomita. Na mizigo ya familia haiishi kwa raundi moja, unaenda nayo, unarudi mikono mitupu, unaenda tena, hiyo nusu kilomita imekuwa moja na nusu. Mtumbwi mwepesi ni kama kilo 20, yaani mtungi wa lita 20 uliojaa maji, lakini huu mtungi una urefu wa mita tano na unagonga kila tawi. Ule wa aluminiamu unazidi kilo 30.

Na wakati haya yote yanaendelea watoto wako wapi? Hapo ndipo watu hukosea. Njia hizi zinaanzia majini na kuishia majini, kwa hivyo ukiacha watoto huku wako kando ya ziwa, ukiwapeleka kule wako kando ya ziwa. Lazima mtu mzima mmoja asibebe kitu chochote, kazi yake ni watoto tu, na hiyo inamaanisha wabebaji wamepungua. Ndio maana nakuambia chagua mahali pa kuanzia ambapo njia ya kubeba ni moja tu, fupi, ama hakuna kabisa, mwende saa moja na nusu au mbili kwa maji, mpate kambi nzuri, muweke tenti hapo na msihame mpaka siku ya kurudi. Mchana mnazunguka karibu na mtumbwi mtupu, mnavua samaki, mnarudi. Siku tano pia ni nyingi, mimi ningesema usiku tatu. Kaka yako akinuna, wacha anune, mwambie aende hayo maziwa saba akiwa na mkewe.

Kambi huko hazibukiwi moja moja, anayefika kwanza ndiye anakaa, kwa hivyo ondokeni asubuhi mapema. Na kuna sababu nyingine, upepo huamka ukikaribia mchana na ziwa kubwa lililokuwa kama kioo saa moja asubuhi linakuwa na mawimbi ya kuingia ndani ya mtumbwi. Fuateni ukingo, msikate katikati eti ndio njia ya mkato. Mkisikia radi tokeni majini hata kama kambi mnaiona pale mbele.

Mko wangapi? Wewe, bwanako, kaka, mkewe, watoto wawili. Kundi moja mwisho ni watu 9 na mitumbwi 4 kwa hivyo mko sawa. Chukueni mitumbwi miwili, nyuma ya kila mmoja akae mtu anayejua kuendesha, nadhani hiyo ni kaka na mkewe. Tafadhali wewe na bwanako msikae mtumbwi mmoja ndio mjifunze pamoja, nimeona ndoa zikitingika hivyo. Mtoto anakaa chini katikati, kwa kipande cha sponji, si juu ya mizigo.

Laifjaketi sasa, na hapa nitakuwa mkali. Inaenda kwa kilo za mtoto, si kwa umri na si kwa "atakua aingie". Zile zimeandikwa za mtoto ni za kilo 14 hadi 23 hivi, chini ya hapo kuna za watoto wadogo zenye kola ya kushikilia kichwa na mkanda unapita katikati ya miguu. Mpime huyo mdogo kabla hamjanunua kwa sababu miaka mitatu wengi wako hapo hapo kwa mpaka. Ukimvalisha, shika mabega ya jaketi umvute juu, ikipanda mpaka masikioni ni kubwa. Usiende nazo za mtumba za Gikomba, sponji ikizeeka haielei vizuri na kwa macho huwezi jua. Na zile baluni za mkononi za swimingi ni za kucheza tu. Sheria ya Minnesota inasema mtoto chini ya miaka 10 avae chombo kikiwa kinaenda, mimi naongeza avae hata kambini akiwa karibu na maji, na nyinyi wakubwa pia mvae, si kuikalia.

Alafu leso. Najua unafikiria kumfunga mgongoni ndio utulie, hata mimi nilifikiria. Usithubutu. Mkipinduka, jaketi yako inaweza kukugeuza uso juu, na wewe ukielea chali mtoto wa mgongoni yuko chini ya maji. Vilevile usimfunge kwa mtumbwi na kamba yoyote. Anakaa huru, na jaketi yake.

Kuhusu beseni: mna karibu mwaka mzima, anzeni hapo kwa hofu. Kasarani haiko mbali na nyinyi, nendeni swimingi Jumamosi, wiki za kwanza hata asiingie, akae tu aone dadake ama kakake anarusha maji. Baadaye mvalishe jaketi yenyewe aelee ukimshika, alafu umwachilie kidogo. Mtoto ambaye ameshaelea mara kumi hatapiga mayowe siku maji yakimrukia. Na wewe pia ujifunze, hiyo "kidogo tu" yako haijanifurahisha. Tenti pia, laleni usiku mbili nyumbani kwa shosho, nje ya nyumba kabisa, ndio mjue nani analia usiku na nani anataka choo saa tisa.

Choo cha huko, wueh. Kila kambi iko na sehemu ya moto ya chuma na choo, lakini choo chenyewe ni kiti tu juu ya shimo nyuma huko msituni, hakina ukuta hakina paa, unaangaliana na miti. Tundu ni la mtu mzima kwa hivyo mdogo lazima ashikwe mikono. Kama bado anavaa pampasi usiku, zile zilizotumika mnarudi nazo, haziingii kwa hilo shimo wala kwa moto. Bebeni mfuko mzito wa kufunga.

Kitu kingine hakuna mtu aliniambia: mwezi wa nane mwanzoni jua huko linazama kama saa mbili unusu usiku. Watoto wetu wamezoea giza la saa moja, ukiwaambia walale wanakuonyesha jua. Mpwa wangu alikataa katakata. Alafu likizama tu kuna ndege anaitwa luni anaanza kulia juu ya maji, mlio kama mtu anacheka akiwa wazimu, mwonyeshe mtoto picha na sauti yake kabla ya safari la sivyo mtalala wote kwa begi moja. Usiku ni baridi kama Limuru mwezi wa saba, kwa hivyo sweta za fulisi na soksi za sufu, si pamba, pamba ikilowa inakaa na maji na kumwibia mtoto joto. Hizo nguo ndizo unaweza kutoa mtumba bila wasiwasi. Mwezi wa nane kaka yako amechagua vizuri, maji yamepata joto kiasi na mbu wamepungua, mwezi wa sita wanakuinua. Kupe bado wako, kagueni watoto kila jioni, nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti.

Chakula: mikebe na chupa za glasi zimepigwa marufuku humo ndani, kila kitu kiwe kwa plastiki ama karatasi. Siku ya kwanza chapati na mayai ya kuchemsha, baadaye uji, mchele, njugu, matunda makavu. Ndengu ziache, zitamaliza gesi. Nyama ya kukaushwa pia usitoke nayo Nairobi, forodha ya Marekani watainyakua. Usiku chakula chote kinaingia kwa chombo kigumu cha kuzuia dubu ama kinaning'inizwa juu vile sheria yao inataka, na hiyo ni pamoja na peremende na dawa ya meno. Kagua mifuko ya watoto mwenyewe, watakuficha biskuti. Maji ya ziwa yachemshwe mpaka yatokote dakika nzima ama mtumie chujio.

Kwa makaratasi, visa ndiyo kwanza, anza leo, usikate tiketi kwa imani. Kibali cha kulala humo ni cha lazima, na kuanzia tarehe 1 Mei hadi 30 Septemba idadi ya makundi yanayoingia kila siku imepimwa, kubuki kunafunguliwa mwisho wa Januari, sehemu rahisi za familia huisha mapema kwa hivyo kaka yako awe macho siku hiyo. Na akodishe kifaa cha setilaiti cha kuomba msaada, netiwaki ya simu humo usiitegemee.

Mama mkwe nenda naye swimingi. Simaanishi aogelee, akae na leso yake aone mtoto akielea. Usimbishie kwa mdomo.

*Anti, mimi sina kaka Amerika. Niko na watoto wa miaka 5 na 8 na rafiki ana kayaki mbili. Nataka tulale Naivasha tupige kasia asubuhi. Iko sawa? — Baba wa Rongai*

Hapana, ndugu yangu. Naivasha ni ya viboko. Usiku wanatoka kula nyasi, alfajiri wanarudi majini, na hiyo ndiyo saa umechagua. Kuna sababu kambi nyingi za huko zimeweka waya wa stima kando ya ziwa. Kiboko akiwa chini ya maji humwoni na kayaki yako haina injini ya kutoroka nayo. Chukua boti ya injini na nahodha wa hapo anayejua wanakaa wapi, mchana kabla upepo haujaanza, watoto wavae jaketi. Baringo iko na mamba na viboko, Masinga pia, usinitafutie nyingine ya karibu.

Kama ni mtumbwi na tenti kweli kweli, weka pesa mpaka Desemba muende Bunyonyi, Uganda, karibu na Kabale. Hakuna kiboko, hakuna mamba, kuna visiwa 29 na baadhi vina kambi, na ni juu karibu mita 2,000 kwa hivyo bebeni sweta. Ni mbali, Kampala mlale, msijaribu kwa siku moja na watoto, na uulize uhamiaji mapema karatasi za watoto kuvuka Busia ama Malaba. Ziwa lenyewe lina kina na maji ni baridi, sheria za jaketi ni zile zile nimempa Mama Wawili. Mitumbwi ya hapo ni ya gogo lililochongwa, ukiwa mgeni unapiga kasia kwa nguvu zako zote na unazunguka tu mahali pamoja kama pia, ndio utajua neno mzungu lilitoka wapi. Mlipe kijana wa hapo akae nyuma.