Kadi ya Mantle ya 1952: chukua rula kwanza

Ndugu, unasema umepewa kadi ya Mickey Mantle, nyota wa besiboli wa Marekani, iliyochapwa na kampuni ya Topps 1952, kwa dola 200, eti kwa sababu muuzaji anahama nyumba? Chukua rula. Kadi za mwaka ule ni kubwa, karibu milimita 67 kwa 95. Topps wenyewe walizichapa upya mwaka 1983 kwa kipimo kidogo, kama 64 kwa 89, na nyuma pameandikwa kuwa ni chapa mpya. Wajanja hujaribu kuyafuta maandishi hayo, lakini ukubwa hauwafichi. Mantle halisi mmoja aliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, kwa hiyo bei hiyo ya kutupa inajieleza. Tena wala si kadi yake ya kwanza. Ya kwanza ni ya kampuni ya Bowman, 1951.

Kwa pesa hiyo mimi ningewinda Larry Doby au Monte Irvin wa seti hiyohiyo, hata pembe zikiwa zimelika. Wote wawili walitwaa ubingwa wa ligi za Weusi, waliokuwa wamefungiwa nje ya ligi kuu, wakiwa na timu ya Newark Eagles mwaka 1946. Doby akaingia timu ya Cleveland Julai 1947, Mweusi wa kwanza katika American League, moja ya ligi kuu mbili, miezi michache tu baada ya Jackie Robinson kuvunja ubaguzi huo kwa kuanza na Brooklyn katika ile nyingine, National League (watu humsahau, sijui kwa nini). Irvin alifunguliwa mlango wa ligi kuu 1949, tayari ana miaka 30. Mwaka 1951 mapigo yake yaliingiza mikimbio (yaani pointi) 121, akaongoza National League nzima.

Ukiipata kadi ya mmoja wao, usiisugue wala kuibandika kwenye albamu. Hebu tuonyeshe picha ya nyuma ya hiyo Mantle.