Asiye na bahati si mwenye nuksi

SWALI: Katika zoezi la tafsiri nilikuta habari ya basi lililoharibika usiku, ambamo abiria waliitwa "hapless passengers". Niliandika "abiria wenye nuksi", mwalimu akanikosoa. Nimekosea wapi, ilhali kamusi inataja bahati mbaya?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kamusi haikukudanganya. Neno "hapless" limeundwa kwa "hap", neno la kale lenye maana ya bahati ambalo Waingereza walilipata kwa watu wa Skandinavia, likatiwa kiambishi "-less" cha kuonyesha ukosefu. Hilo "hap" limezaa pia "happen", yaani kutokea, "perhaps", yaani labda, na hata "happy", ambalo kabla ya kuhusishwa na furaha lilimaanisha mwenye bahati. Kwa hiyo "hapless" ni mtu aliyenyimwa bahati, anayefikwa na mabaya asiyoyataka na mara nyingi asiweze kujinusuru.

Nuksi ni jambo jingine kabisa. Mwenye nuksi au kisirani hukwepwa na wenzake, kwa kuwa inaaminika kwamba balaa lake huwaangukia na wao. Mwenye duka akiamini kuwa mteja wa kwanza wa asubuhi ana nuksi, atamlaumu huyo mpaka jioni mauzo yakidorora. Ukiandika "abiria wenye nuksi", msomaji ataelewa kwamba basi liliharibika kwa sababu yao, ilhali watu hao walilipa nauli zao, wakaishia kukesha kando ya barabara, watoto wamelala juu ya mizigo. Tafsiri ya namna hiyo inawaonea, na mimi naona mwalimu wako alifanya vyema kuikataa. Ningeandika "abiria hao, maskini, walikesha barabarani", nikiweka mikato pande zote mbili ili neno "maskini" lisomeke kuwa la huruma, lisidhaniwe kuwa la ufukara.

Katika habari za michezo maana hugeuka kidogo. Kipa aliyefungwa mabao matano akiitwa "hapless", huruma huchanganyika na dharau, kwamba kazi imemshinda, na hapo "kipa aliyeelemewa" hufaa zaidi.

Usilichanganye na "helpless", asiye na msaada, wala "hopeless", asiye na matumaini. Aidha, kwa kawaida hutangulia nomino: Mwingereza aliyekosa bahati siku moja tu atasema yeye ni "unlucky", na ni nadra kumsikia akijiita "hapless".