Uzuri wa Bafu Uko Nyuma ya Vigae

Wanaoniomba ushauri kuhusu bafu la mtindo wa spa huanza kwa kunitumia picha. Karibu zote zinafanana: beseni jeupe la kuogea limesimama peke yake katikati, ukuta wa marumaru, taulo zimekunjwa vizuri, na jani la mmea linachungulia pembeni. Ni picha nzuri. Lakini picha haina joto wala sauti, na haikwambii kama dari litaota ukungu mweusi baada ya mwaka. Nimekarabati bafu langu na kusimamia ya ndugu na marafiki kadhaa, na kila mara kilichowafanya watu wakae humo kwa raha hakikuwemo kwenye picha waliyonionyesha. Ndiyo maana nasema pesa ya kwanza, na ikibidi iliyo nyingi, iende kwenye maji, joto, mteremko, hewa na nyaya. Koki ya rangi ya dhahabu utaibadilisha siku yoyote. Bomba lililozikwa ukutani utalibadilisha kwa nyundo.

Anza na maji. Kabla hujachagua hata kigae kimoja, jua maji yako yanafika kwa nguvu gani. Kama yanashuka kutoka kwenye tangi la juu, hesabu yake ni nyepesi: kila mita 10 za kimo hutoa takribani baa 1 ya msukumo. Tangi lililo mita 3 juu ya shawa linakupa kama baa 0.3 tu, na shawa nyingi pana za mtindo wa mvua zinahitaji baa 1 au zaidi. Kiwango hicho huandikwa kwenye boksi, lakini wanunuzi wengi hutazama upana na mng'ao. Na upana wenyewe una mtego wake. Kichwa cha shawa chenye kipenyo cha sentimita 30 kina eneo mara tisa ya kile cha sentimita 10. Maji yakiwa yaleyale, yanagawanywa kwenye eneo kubwa zaidi, na unachopata ni manyunyu yanayodondoka kwa uvivu. Afadhali kichwa cha sentimita 20 chenye maji ya kutosha kuliko sinia kubwa linalolia machozi. Ukitaka lile kubwa kweli, weka pampu ya kuongeza msukumo, na uifunge mbali na bafu, juu ya mpira wa kuzuia mtikisiko, usije ukaoga huku ukisikiliza mashine.

Joto nalo lina hesabu. Tuseme una hita ya lita 50 iliyopasha maji hadi nyuzi 60, na maji ya baridi yana nyuzi 20. Ukichanganya upate maji ya nyuzi 40, jumla yake ni kama lita 100. Shawa inayotoa lita 12 kwa dakika inayamaliza kabla dakika tisa hazijaisha. Mtu wa pili ataoga baridi, na hakuna marumaru itakayomfariji. Kwa hiyo ukubwa wa hita upangwe kwa idadi ya watu wanaoogea mfululizo na kwa shawa uliyochagua. Kisha weka koki inayoshika joto yenyewe, ile unayoipangia nyuzi 38 nayo ikabaki hapo hata mtu akifungua maji jikoni. Kwangu hiki ndicho kifaa kimoja kinachobadilisha bafu kuliko vyote. Tena ni usalama: maji ya nyuzi 60 yanaweza kuunguza ngozi vibaya ndani ya sekunde chache, na watoto na wazee huungua upesi zaidi. Koki hiyo iwekwe mahali unapoifikia kabla hujaingia chini ya maji. Jambo dogo, lakini mafundi wengi huifunga chini ya shawa kabisa kwa mazoea, na kila asubuhi unalazimika kunyoosha mkono kwenye maji ya baridi.

Sakafu sitaizungumzia sana kwa sababu sheria zake ni chache na hazina mjadala. Eneo la kuogea liwe na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Chini ya vigae pawe na utando wa kuzuia maji, unaopanda ukutani na kuziba kona zote, maana vigae na grauti, ule udongo wa kujazia nafasi kati ya vigae, peke yake havizuii maji kupenya. Kabla fundi hajabandika kigae cha kwanza, zibeni tundu, jazeni maji ya kina cha sentimita chache, myaache saa 24, kisha mkague kama yamepungua na kama chini au upande wa pili wa ukuta pamelowa. Fundi anayekasirika ukimwomba jaribio hili amekupa jibu la maswali mengine yote. Na kabla ukuta haujafungwa, piga picha za mabomba na nyaya zote ukiwa umeweka futi kando yake. Siku ya kutoboa tundu la kutundika kitu utazitafuta.

Kuhusu vigae vyenyewe, ninapendelea posilini, yaani vigae vya udongo uliochomwa kwa joto kali, kuliko marumaru asilia. Marumaru ni jiwe la jamii ya chokaa, na asidi huliacha na mabaka: limau, siki, au dawa kali ya kusafishia choo. Posilini hunyonya maji kidogo mno, asilimia 0.5 au chini ya hapo, na siku hizi zipo zinazoiga mishipa ya jiwe vizuri kabisa. Ukutani tumia vigae vikubwa ili mistari ya grauti iwe michache, kwani utulivu wa macho unatoka hapo kuliko kwenye rangi. Sakafu ya kuogea ni kinyume chake: vigae vidogo hufuata mteremko kwa urahisi, na mistari yake huupa mguu mahali pa kushika. Ulizia kiwango cha kutoteleza kwa miguu iliyo wazi. Kipimo cha Kijerumani hutumia herufi A, B na C, C ikiwa ndiyo isiyoteleza zaidi, na kwa shawa unatafuta angalau B. Rangi chagua unayoipenda, ila zisizidi mbili au tatu.

Mwanga ndipo bafu la kawaida na bafu la kupumzikia vinapoachana. Taa moja kali katikati ya dari hufanya chumba kionekane cha upasuaji, na hukutia vivuli chini ya macho kila unapojitazama kwenye kioo. Weka taa pande mbili za kioo, usawa wa uso, zenye mwanga wa joto, wa manjano kidogo, wa kelvini 2700 hadi 3000 na uwezo wa kuonyesha rangi (CRI) wa 90 au zaidi kati ya 100, ili ngozi yako ionekane ilivyo. Kisha tenga swichi: moja ya kazi, moja ya taa hafifu za kupumzikia, na ikiwezekana taa ndogo chini ya kabati inayojiwasha usiku mtu anapopita. Taa za kubadilisha rangi, bluu mara zambarau, nimeshaziona zikiwashwa wiki ya kwanza na kusahaulika. Kila taa ya sehemu ya shawa iwe na kinga dhidi ya maji ya kiwango cha IP65, kinachoandikwa kwenye taa, zile za jirani angalau IP44, na umeme wote wa bafu upite kwenye swichi ya kinga ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja. Hapa usimwite shemeji anayejua jua kidogo. Mwite fundi umeme mwenye leseni.

Spa ina kitu kimoja ambacho watu hukisahau: ni kavu na ni kimya. Mvuke usipotolewa, kila ulichonunua kitaharibika. Zidisha ujazo wa chumba kwa nane upate kiasi cha hewa ambacho feni inapaswa kutoa kwa saa. Chumba cha mita 2 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kinahitaji kama mita za ujazo 120. Feni itoe hewa nje kabisa, isiimwage ndani ya dari, na chini ya mlango pawe na upenyo wa hewa kuingilia, la sivyo itazunguka bure. Iache iendelee dakika 15 hadi 20 baada ya kuoga. Zipo zenye saa ya kujizima. Nunua iliyo kimya, chini ya desibeli 30, kwa sababu feni inayonguruma huzimwa na kila mtu na hapo haina faida.

Ukimya wa macho unaletwa na kuficha vitu. Jenga shubaka ndani ya ukuta wa shawa kwa ajili ya chupa, sakafu yake ikiwa na mteremko mdogo kuelekea nje, na kabati lenye milango kwa mengine yote. Rafu za wazi ni za watu wanaopanga vitu kila siku.

Sasa lile beseni. Kama hujawahi kulala kwenye maji ya moto ukafurahia, usinunue. Linachukua lita 200 au zaidi, yaani kilo 200 za maji kabla hujahesabu beseni na mtu, kwa hiyo ghorofani ulizia kwanza uwezo wa sakafu. Na ile hita ya lita 50 italijaza nusu. Mimi nafasi hiyo naipa shawa pana isiyo na kizingiti na benchi la msaji la kukalia, mti ambao mafuta yake ya asili huufanya uvumilie maji. Ukikaa hapo mgongo ukipigwa na maji ya nyuzi 38, beseni hulikumbuki.

Mwisho ni taulo. Tafuta za pamba zenye uzito wa gramu 500 hadi 700 kwa mita ya mraba, ila kama bafu lako halikauki haraka, baki kwenye 500, kwani nene zaidi hubaki mbichi na kunuka. Zifue kabla ya kuzitumia, na usizitie dawa ya kulainisha nguo, maana huacha utando unaozuia pamba kunyonya maji.